Lobedi la Kubeba Vivuli

Kila asubuhi, kabla hajafungua ofisi, dada mtu alilizunguka lobedi akigonga matairi kwa nyundo na kusikiliza. Lilikuwa tela la marehemu baba yao, refu, mgongo wake umeinama karibu na ardhi, la kubebea magreda na matingatinga. Baba alilinunua wakati bwawa linajengwa na kazi ziko nje nje. Bwawa likaisha, magreda yakaenda zake. Sasa lobedi lilikaa tu uani, majani yameota kati ya magurudumu, na kuku wa jirani wamehamia humo na vifaranga wao.

Shida ya lobedi si kukosa mzigo tu. Hata ukiupata, unapeleka greda la watu huko mbali, kisha unarudi mtupu, unachoma dizeli kusafirisha upepo. Jambo hilo lilimkosesha dada mtu usingizi. Mnunuzi wa vyuma chakavu alilijua pia, ndiyo maana hakukosa kupita, akaegemea geti na kulikagua lobedi kama mtu anayechagua nyama buchani.

"Bado halijachoka tu, dada?"

"Utachoka wewe kwanza."

Dereva alikuwa mdogo wake, ambaye watu walimwita Breki kwa jinsi alivyoogopa miteremko. Breki alishasikia habari za kazi ya migodini, nchi ya mbali, na begi lake lilikuwa tayari chini ya kitanda. Dada mtu alilikuta akifagia. Lobedi likiuzwa, Breki anaondoka, na Breki akiondoka, watabaki yeye na mama yao wakitazamana mezani. Hilo lilimuuma kuliko kuuzwa kwa chuma chenyewe.

Wakati huo barabara kuu ilikuwa inapanuliwa, na miti yote ya kandokando ilikuwa imekatwa. Vivuli vilibaki. Vililala palepale vilipozoea, asubuhi vikielekea magharibi na jioni mashariki, na waliokuwa wakikaa humo waliendelea kukaa. Kinyozi alinyoa. Fundi baiskeli aliziba pancha. Mama yao, mshonaji wa pale kwenye geti la zahanati, aliendelea kuzungusha cherehani yake katika kivuli cha mkungu ambao sasa ulikuwa kisiki. Lalamiko lake lilikuwa moja tu, kwamba popo bado walimdondoshea kungu kichwani, na hakuna aliyejua walikuwa wanazitoa wapi.

Siku moja msimamizi wa barabara aliingia uani. Aliitwa Bwana Kofia, maana hakuna aliyewahi kumwona bila kofia yake ngumu ya kazini, hata msibani. Aliinama, akapima kwa goti lake kimo cha lobedi kutoka ardhini, akaridhika.

"Nina mzigo," alisema. "Vivuli. Vinaziba njia ya mitambo, na lami haishiki mahali penye kivuli kisicho na mti. Halafu kule mlimani ofisi mpya zimekwisha, hazina hata kichaka. Magari ya wakubwa yanaungua jua."

"Kwa nini hukuchukua lori la kawaida?"

"Tulijaribu. Kivuli ukikinyanyua kupita kiuno kinapauka. Kimoja kilifika kule kama maji ya kuoshea vyombo, mkurugenzi akakikataa. Kinataka kitu kinachotembea chini chini."

Dada mtu aliuliza swali lake la siku zote. "Na kurudi?"

"Kurudi utarudi mtupu, lakini tutakulipa kama umebeba."

Dada mtu alikwenda kuwafukuza kuku.

Walianza na kivuli cha kinyozi. Kwa kuwa Breki alipenda mzigo mdogo, walikifuata saa sita mchana, kilipojikunyata pembeni ya kisiki. Walikivingirisha kwenye bomba la maji kama mkeka, wakakikunjua juu ya lobedi na kukifunga minyororo kwenye pembe. Hawakuwaza zaidi ya hapo. Kufika nusu ya mlima jua lilikuwa limelala, na kivuli nacho kimenyooka. Kilifurika upande mmoja wa tela, kikavuka mstari wa katikati, na magari yaliyokuwa yanakuja yakawasha taa. Askari wa usalama barabarani aliwasimamisha, akatoa futi yake na kupima.

"Huu ni mzigo mpana. Kitambaa chekundu kiko wapi? Gari la kuwasindikiza liko wapi?"

"Afande, tulipoondoka ulikuwa unaenea," Breki alisema.

"Kivuli kinapimwa jioni, kijana. Uliza wenzako."

Breki hakuwa na wenzake wa kuwauliza, lakini toka siku hiyo dada mtu alipima kila kivuli jioni kabla ya kukubali kazi.

Kazi zikaja mfululizo. Dada mtu, ambaye hakuwahi kupanda lobedi ila kwa kulipaka rangi, sasa alisafiri na mzigo ili auchunguze. Aligundua kwamba kivuli cha mwarobaini ni chepesi na kina matundu matundu, na cha mkwaju kina ubaridi unaopanda mpaka magotini. Ukitia sikio kwenye kivuli kilichokaliwa sana unasikia maneno yaliyobaki humo, hasa ya watu waliokuwa wanateta. Kile cha fundi baiskeli kilipakiwa pamoja na mbwa aliyekuwa amelala, na mbwa hakuamka mpaka mlimani. Usiku dada mtu alimsimulia mama yake yote hayo, na mama alitaka kujua walikuwa wanamteta nani.

Begi la Breki lilitoka chini ya kitanda. Alitia humo matambara ya gereji. Mnunuzi wa vyuma chakavu aliacha kupita.

Barabarani kinyozi alifungua mwavuli, lakini mwavuli ulitosha kichwa kimoja, cha mteja au cha kwake. Fundi baiskeli alihama, hakusema wapi. Kila lobedi lilipopita dada mtu alimwona kinyozi, na kila alipomwona aligeuka kukaza mnyororo uliokuwa tayari umekaza.

Kisha Bwana Kofia akaja tena na kusimama mlangoni pa ofisi bila kuingia.

"Kimebaki cha zahanati," alisema.

"Hicho ni cha mama."

"Najua. Hii suruali kanishonea yeye." Alikuna kofia. "Mkikataa sina kinyongo. Ila nitampa mwingine, na kazi za mradi wote, mpaka madaraja, zitamfuata huyo."

Jioni ile dada mtu alisimama mlangoni pa jiko. Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Akasema tu kwamba kesho ni zamu ya mkungu.

Mama aliendelea kusugua sufuria. "Tukikubali, Breki atabaki?"

"Atabaki, mama."

"Basi njooni mchana. Nina sare ya mtoto wa watu, sijaimaliza."

Walipofika sare ilikuwa bado haijaisha. Mama hakuinuka. Breki na dada yake walikivingirisha kivuli kutoka upande wa pili, wakakipandisha, wakampandisha na yeye na cherehani yake na kigoda chake, na akapanda mlima akishona, kitambaa chekundu kikipepea nyuma yake. Wagonjwa waliokuwa wakingoja kwenye geti waliusogelea ukuta, ambao saa ile haukuwa na kivuli upande wowote.

Kule mlimani walikikunjua kwenye maegesho ya mkurugenzi. Kilienea vizuri. Mlinzi aliusubiri upindo wa mwisho, mama akaumaliza, akakata uzi kwa meno.

"Mama, samahani, hapa ni pa gari," mlinzi alisema.

"Sawa, baba."

Siku hiyo lobedi halikurudi tupu. Lilirudi na mama na cherehani. Breki aliushuka mteremko polepole mno, na dada yake, pembeni yake, alilia mpaka chini bila kujificha.

Asubuhi mama alikwenda kwenye kisiki chake. Breki, kabla ya kwenda kazini, alijaribu kuliegesha lobedi kando yake limkinge jua, lakini lobedi liko chini chini na kivuli chake kilitosha kuku tu. Mama akamwambia aende, atachelewa. Popo hawakuonekana.

Mteja aliyefuata sare alimkuta amejitanda khanga kichwani, mikono inang'aa jasho.

"Mama, mbona leo unashonea juani?"

Mama aliikunja sare kwa uangalifu, akampa.

"Wanangu wamepata kazi," alisema.