Mashine ya Akiba

Kifuniko cha kopo kiligonga sakafu gizani, kikaviringika, kikatulia.

Mama Chiriku hakufumbua macho. Harufu ya dawa ya kuchua ilishapanda mpaka kwenye mto wa kulalia, na alijua mumewe amekaa ukingoni mwa kitanda, anajichua bega la kulia kwa mkono wa kushoto, polepole, kwa pumzi za kuibaiba. Wiki ya tatu hii. Kila alfajiri anajichua gizani, kila asubuhi anatoka chumbani anapiga mluzi, utadhani bega ni la jirani.

"Umedondosha nini?" alimuuliza, maana kunyamaza nako kunachosha.

"Kiberiti. Lala, mama."

Akalala, yaani akaendelea kufumba macho.

Bega hilo liliumia siku mashine ya boti yao ilipozimika mbali, nchi kavu haionekani. Baba Chiriku alikuwa na Shemeji, mdogo wake Mama Chiriku, na wawili hao walipiga kasia tangu adhuhuri hadi kesho yake kunapambazuka. Shemeji alirudi na malengelenge na hadithi. Baba Chiriku alirudi kimya. Mama Chiriku mwenyewe, aliyewasubiri ufukweni mtoto mgongoni, alirudi nyumbani na uchovu ambao usingizi haukuutoa. Uliingia mifupani ukahamia kabisa. Ndipo wakakubaliana kwamba boti ifungwe mashine ya pili, ya akiba, ya kumrudisha mtu kwake ile kubwa ikigoma. Hela ya mashine moja ilikuwepo. Ya kukosea haikuwepo.

Sasa, wavuvi wa pale walikuwa na mtindo wao wa kununua mashine ya akiba. Mtu anaingia dukani, anasimama wima, anapanua miguu, anavuta kamba kwa nguvu zote, mashine inanguruma ndani ya tangi la maji, wenzake wanashangilia, ananunua. Hakuna aliyekumbuka kwamba botini hakusimamwi hivyo. Botini mashine hiyo hufungwa chini, kando ya ile kubwa, na mwenye kuivuta amekaa juu ya ndoo, magoti kidevuni, nyavu zimemzonga, boti inamyumbisha. Mama Chiriku aliyajua hayo kwa sababu yeye ndiye aliyeosha boti, na alishakaa pembe ile mara nyingi akisugua magamba.

Asubuhi wakaenda dukani wote wanne. Chiriku, mwenye miaka minne, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake, siku hiyo joto lilimfunga domo. Alijilaza juu ya boksi tupu karibu na mlango.

"Nataka mashine ya nguvu za farasi kumi na tano," alisema Baba Chiriku, hata salamu hazijaisha.

Fundi mwenye duka, mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa waya, akatabasamu. "Hapo umesema, kaka."

"Na ile ya farasi sita?" Mama Chiriku alionyesha kimashine kilichokaa rafu ya chini.

Shemeji alicheka mpaka akashika mlango. "Dada, hiyo si mashine, hiyo ni ya kusagia nyanya! Tukiifunga, samaki watapanda juu kutucheka."

"Wewe uliyepiga kasia huku unalia, nyamaza."

"Lilikuwa jasho lile!"

"Mama Chiriku," mumewe alisema taratibu, "boti nzito. Hiyo haitaisukuma."

"Kwani tunafukuzana na nani? Fundi, hiyo ya sita itatufikisha na samaki ndani?"

"Itawafikisha, mama. Mwendo wa bi harusi, lakini mtafika. Ila mchukue ya mguu mrefu, unaozama sana majini, maana yenye mguu mfupi wimbi likipanda, pangaboi la kusukuma maji linachapa hewa."

"Washa kubwa," alisema Baba Chiriku.

Wakatoka uani. Kulikuwa na tangi la maji linalomfika mtu kifuani, na jingine fupi, nusu yake imezikwa ardhini. Fundi akaifunga kumi na tano kwenye tangi refu. Baba Chiriku akapanua miguu, akavuta kwa mwili mzima. Mara ya pili ikanguruma. Shemeji akapiga mbinja. Mke peke yake ndiye aliyeona jasho juu ya mdomo wa mumewe, na midomo ilivyopauka.

Alikuwa amelipanga hili tangu alfajiri. Neno bega hatalitamka. Hakutaka kumwaibisha mbele za watu. Alitaka mashine ndiyo imkatae, isiwe yeye.

"Fundi, una ndoo?"

"Ya nini tena, mama?"

"Akae. Ihamishie kwenye tangi fupi, aivute kama anavyokaa botini."

Fundi akavua miwani. "Miaka yote hii, hakuna mtu aliyewahi kuniomba ndoo."

Baba Chiriku akamtazama mkewe. Fundi alipoihamisha mashine na kuleta ndoo, akakaa. Akavuta. Kamba ikaja nusu, ikagoma. Akavuta tena. Mara ya tatu mkono ukaanguka wenyewe, ukaning'inia kama nguo kwenye kamba. Shemeji alifungua mdomo atie mzaha, akaona, akaufunga.

Mama Chiriku alidhani atafurahi kuwa sahihi. Hakusikia furaha yoyote, alisikia uchovu tu, na hamu ya kusema basi, tuchukue hiyo kubwa, twende zetu. Lakini alikumbuka usiku ule, maji meusi na taa za watu wengine, akalimeza neno.

"Bega limekufa," alisema Baba Chiriku, akiitazama kamba. "Tangu siku ile."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mto wa kitandani mzima unanuka dawa, Baba Chiriku."

Ikamtoka pumzi iliyofanana na kicheko. "Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Fundi akajifanya anatafuta spana, akaileta ile ya sita, akaifunga. Baba Chiriku akashika kamba kwa mkono wa kushoto. Akavuta, haikuwaka.

"Vuta choki kwanza, hicho kitufe cha pembeni," fundi alisema.

Akavuta choki, kisha kamba, ikawaka. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya kukoroma. Akaizima, akaiwasha, akaizima, akaiwasha, mara tano, bado amekaa pale pale chini, kama mtu anayehesabu kitu asichokiamini.

"Nifungie hii," alisema mwishowe. "Ya mguu mrefu."

Mama Chiriku akaketi kwenye ngazi.

Wakaiweka kwenye toroli mlangoni. Mvuvi mmoja, jirani yao pale ufukweni, akapita, akarudi nyuma hatua mbili, akainama kuisoma namba. "He! Farasi sita! Kadude haka kamenunuliwa na nani?"

Shemeji akatazama viatu vyake. Baba Chiriku akakohoa. Chiriku akainuka kwenye boksi, amekunja uso kwa usingizi, akaweka kiganja juu ya mashine.

"Hii ni ya baba yangu."