Msumari wa Nekesa

Kalenda ile Wekulo aliitundika mwenyewe. Kabla mtaa haujabomolewa alikuwa amezipima nyumba zote na kuwahoji wapangaji, akathibitisha kwamba karibu kila chumba kilikuwa na kalenda ukutani, mkabala na mlango. Chumba cha wazazi wake, si mbali na soko la Gikomba, ndicho pekee kilichoachwa kisimame kiwe makumbusho, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kukipanga. Hakubahatisha kitu. Kitanda kilirudi nyuma ya pazia, stovu ya mafuta taa ikakaa chini ya dirisha. Msumari ulikuwepo tayari, basi kalenda ikapata mahali.

Habari za msumari huo alikuwa nazo. Mamake, Phelister, alimweleza siku Wekulo alipomrekodi akisimulia. Alizaa watoto wanne humo ndani. Wa kwanza, Nekesa, alichukuliwa na surua kabla hajaanza kutambaa. Shali yake ndiyo iliyokuwa ikining'inia pale. Baada ya maziko mumewe aliiondoa shali, akauacha msumari, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuutundikia hata kofia. Wekulo na kaka zake walizaliwa baadaye. Dada huyo walimjua kwa kinywa cha mama tu.

Wageni wa majaribio walipoisikia habari hiyo kinywani mwa Phelister, walitoka wameinamisha vichwa. Walipoulizwa wamejifunza nini juu ya maisha ya mtaa, walimtaja mtoto aliyekufa, basi. Wekulo aliyasoma majibu yao, akakata shauri.

"Mama, tuanze na sisi watatu tuliokulia hapa. Ya Nekesa tuiache."

Phelister aliutazama ukuta. "Wewe ndiye uliyesoma, baba."

Mwaka ulipita, mama akiwasimulia wageni kila Jumamosi kwa maelezo aliyoandikiwa na Wekulo. Jumamosi moja Wekulo alisimama nyuma ya kundi la wanafunzi, akasikiliza.

"Shosho, nyote mlikuwa mnalala hapa?" aliuliza msichana aitwaye Shiru, kama anayemuuliza bibi yake.

"Sisi wakubwa nyuma ya pazia. Wavulana sakafuni, wamebanana kama visamaki vya omena kwenye mkebe wa gorogoro. Na aliyekojoa hakupatikana kamwe!"

Wakaangua kicheko.

"Kwani ulizaa wangapi?"

"Watatu."

Jibu lilitoka upesi, halikukwama popote.

"Na hiyo kalenda?"

"Hapo ndipo baba yao alipotundika mpya kila Januari."

Maneno hayo hata Wekulo hakuwa amemwandikia.

Wanafunzi walipoondoka, aliishusha kalenda.

"Mama, watakaofuata waambie habari za Nekesa. Waambie msumari huu ni wa nani."

Phelister alikaa kitandani. Aliutazama msumari kama mtu anayesoma bila miwani.

"Ile shali," alisema hatimaye. "Nilikuambia ilikuwa ya rangi gani?"

Wekulo aliujua unene wa kuta zile na urefu wa kitanda. Aliijua hata chapa ya stovu.

"Hukuniambia, Mama."

Hakuongeza kwamba hakuwa ameuliza.

"Basi imepotea," mamake akasema. "Nikitazama hapo sasa naona kalenda."

Mlangoni hodi ikabishwa. Phelister aliinuka, akajifunga leso vizuri.

"Irudishe, baba. Watauliza msumari mtupu ni wa nini."

Wekulo hakusogea. Alibaki ameikumbatia kalenda, mamake akaenda kufungua.

"Karibuni, wanangu, karibuni. Mimi ni mama wa wavulana watatu."