Mifuko Saba ya Dawa

Nyumba ya kwanza ya wazee ilikuwa na ngazi kila kona, ya pili ilikuwa na wauguzi wawili kwa wazee arobaini, na hii ya tatu haikuwa na kasoro niliyoweza kuikamata, jambo lililonikera zaidi. Kitanda kilibaki kimoja. Kaka yangu alikwisha kupiga simu mara mbili kuuliza kama nimesaini fomu, yeye ambaye hajamwogesha mama hata siku moja.

Mama aliketi kwenye kitanda hicho akijibu maswali ya muuguzi. Mimi nilikaa, nikasimama, nikafungua dirisha, nikalifunga. Presha? Anayo. Miguu kuvimba? Kidogo. Kusahau? Mama akasema anawakumbuka hata waliomnunia siku ya harusi yake. Kuanguka? Hapo nikadakia mimi: mara tatu mwezi huu, zote usiku, akienda chooni. Kila usiku huamka mara nne, nami huamka naye, na mchana nasinzia kwenye cherehani. Juzi nilimshonea mteja shati lenye mikono miwili ya kushoto.

Muuguzi akaomba kuona dawa. Nikampa pakiti zake, na kwa majivuno nikatandaza kitambaa nilichomshonea mama: mifuko saba, kila siku na rangi yake, cha kutundika juu ya mto asije akasahau. Akamwaga vidonge vya Jumatatu kiganjani, akavilinganisha na pakiti, akakitenga kimoja cheupe.

"Hiki anakunywa saa ngapi?"

"Vyote anakunywa akienda kulala."

Akanieleza taratibu, bila kunisuta. Kile ni cha kutoa maji mwilini, na daktari aliandika kimezwe asubuhi. Kikimezwa usiku, mtu halali kitandani, anakesha chooni. Hakunipa matumaini ya bure. Daktari ampime macho pia, na mifupa, lakini tuanzie hapo.

Miezi miwili nilikuwa namwangusha mama yangu kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa ushonaji safi kabisa.

"Ulijua?" nikamuuliza mama.

Alijua. Pakiti alizisoma tangu siku ya kwanza.

"Ulikitundika kile kitambaa umefurahi sana," akasema. "Ningekwambiaje umekosea?"

Nikabeba mkoba wake, nikamwambia twende nyumbani, yamekwisha, nitashona mifuko kumi na minne, ya asubuhi na ya jioni. Hakuinuka. Akamuuliza muuguzi kama wapo wanaokuja mchana tu, jioni wakarudi kwao. Muuguzi akasema wapo.

"Basi niandikie hiyo ya mchana."

Iliniuma, nami sikuficha. Nikamuuliza kwangu kunamkera nini, wakati kosa tumeshalijua na usiku sasa tutalala wote.

"Kwako nikisogeza mguu tu, unaruka," mama akasema. "Unanilinda, mwanangu, hilo nalijua. Lakini hukai na mimi. Hapa nitapata mtu wa kukaa naye."

Nilitaka kumbishia. Nilipofungua mdomo nikajikuta nimeshafika mlangoni, mkoba wake begani kwangu, na yeye bado ameketi kitandani.