Nyumba Mbili Masoro

Vumbi la Agosti lilikuwa jekundu, nalo lilikuwa juu ya kila kitu: juu ya migomba, juu ya mabati, juu ya nyasi zilizoota hadi kwenye vizingiti vya milango iliyofungwa. Katikati ya vumbi hilo Mukarugwiza alishuka kwenye lori, mwaka ule wa tisini na nne, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, boksi la chaki kwapani na kilima kizima cha Masoro kichwani.

Kichwani, kwa kuwa hakuwahi kukiona. Alizaliwa ukimbizini, Karagwe, ng'ambo ya mto Akagera, na mama yake alimfundisha kilima hiki kama wengine wanavyowafundisha watoto sala: hapa kisima, pale mteremko wa mtama, kule jiwe la kuanikia maharage. Mama alizikwa Karagwe, nyuma ya nyumba yao. Binti ndiye aliyerudi kwa niaba ya wote wawili.

Kisima alikikuta. Jiwe alilikuta. Watu hakuwakuta, ila wachache. Ofisa wa komini, serikali ya pale, alimwonyesha nyumba tupu, akasema, "Kaa hapa, mwalimu. Wenyewe hawapo." Hakuuliza wameenda wapi. Mwaka ule wa mauaji swali hilo halikuulizwa, maana kila mtu alijua jibu lake.

Akafagia. Alifagia ndani, akafagia nje, akafagia njia ya kwenda kisimani. Akapanda maharage. Watoto ishirini na kitu wakajitokeza kutoka vichakani na kwa majirani, wengine wakiwa na mama, wengine wakiwa na bibi, wengine wakiwa wenyewe tu, naye akawakalisha uani na kuwafundisha. Ubao haukuwapo, mlango wa nyumba ukawa ubao. Kila asubuhi aliandika hesabu kwenye mbao zake, kila alasiri akazifuta kwa kitambaa chenye maji, na kilima kilichokuwa kimya kikaanza kuitikia: mbili, nne, sita, nane.

Mvua za Septemba zilikuja na Usumani. Alikuwa fundi cherehani wa Biryogo, mtaa wa Waislamu kule mjini. Mkewe aliuawa Aprili, na duka likabaki kuta. Mjini kila kona ilimwita kwa sauti ya mkewe. Alitaka mahali pasipo na kona. Akapandisha kilima na cherehani yake begani, taratibu, kama mtu aliyebeba mgonjwa, akaiweka barazani pa duka lililofungwa, mkabala na ua wa mwalimu.

Alishona kaptula za watoto kwa mapazia ya zamani. Alishona bila kuinua uso. Kisha, siku moja, akauinua.

"Mwalimu, hii gauni yako iko nachoka. Lete nishone."

"Gauni hili limechoka," Mukarugwiza alimsahihisha, kwa Kiswahili chake cha darasani, cha Karagwe.

"Basi likuje, hilo lenye limechoka."

Akacheka. Tangu avuke mpaka hakuwa amecheka, na kicheko kilimtoka na kutu kidogo, kama bawaba ya mlango wa siku nyingi. Kinyarwanda chake cha ugenini kiliwafanya majirani watabasamu. Lakini katika Kiswahili, chake kilichonyooka na cha fundi kilichopinda, walikutana katikati, wakakaa.

Oktoba chaki zikaisha. Fundi alitoa chaki yake ya kuchorea nguo, ile bapa ya buluu, akaivunja vipande viwili, akavuka njia, nusu moja kiganjani. Siku ile jedwali la tatu liliandikwa kwa rangi ya anga, na mwalimu akakosea mara mbili mbele ya watoto wote, tatu mara saba ikawa ishirini, tatu mara nane ikawa jina la mtu.

Kisha, katikati ya Novemba, wakati wa somo, mwanamke kijana alisimama uani. Alikuwa mwembamba, miguu imevimba kwa kutembea. Alipita katikati ya watoto, akaufikia mlango ulioandikwa, akatoa ufunguo kifuani.

Ufunguo ukaingia. Ukazunguka.

Jina lake lilikuwa Médiatrice. Nyumba ile ilikuwa ya baba yake. Walikuwa watu saba humo ndani, alibaki yeye.

Mukarugwiza hakusema, nilipewa na komini. Hakusema, nimefagia, nimepanda. Alivua leso yake, akafuta kwayo hesabu yote kwenye mlango, akausukuma kwa mikono miwili.

"Karibu kwako," alisema.

Alimpakulia maharage aliyoyapanda mwenyewe, akamkanda miguu kwa maji ya moto, na kabla jua halijazama alikuwa ametoa nje vitu vyake vyote, mkeka, sufuria, boksi. Médiatrice alimshika mkono: "Dada, usiende." Lakini Mukarugwiza alijua kwamba mtu anayerudi kwenye nyumba kama ile anahitaji kulia bila mgeni. Jumamosi lori lingeondoka Gisimenti, kituo cha mjini, kwenda Karagwe. Angepanda.

Usumani alimkuta amekaa juu ya boksi.

"Mwalimu, unaenda?"

"Sina pa kulala, Fundi."

"Mimi ni fundi ya nguo, hapana ya nyumba. Lakini udongo ni kama kitambaa, tutajifunza." Alichuchumaa mbele yake. "Sikukuja Masoro kutafuta mke. Nilikuja kunyamaza. Wewe umeniharibia kunyamaza kwangu."

"Wewe ni Mwislamu, Usumani. Mimi ni wa kanisa." Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja kwa jina.

"Ijumaa nitaenda msikitini. Jumapili utaenda kanisani. Siku tano zinazobaki ni zetu."

Mukarugwiza alizihesabu, siku tano, moja moja, kwa vidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliona zinatosha. Jumamosi lori likaondoka bila yeye.

Alilala kwa jirani hadi mvua zilipopungua. Kwenye kiangazi kifupi cha Desemba walijenga, mita hamsini tu kutoka kwa Médiatrice: miti, udongo, turubai la buluu juu. Ukuta mmoja ulipinda. Fundi akasema ataupunguza kiunoni. Watoto wakakanyaga udongo hadi magotini wakiimba jedwali la tano, na wale wawili wakaandikishwa ndoa komini wakiwa na matope kwenye kucha.

Asubuhi ya kwanza ndani ya nyumba mpya hapakuwa na moto. Mukarugwiza alikuwa bado anatafuta kiberiti alipomwona Médiatrice anakuja kwenye umande, hatua ndogo ndogo, kijinga cha moto kinachofuka mkononi, mkono mwingine ukikikinga na upepo. Alipiga magoti, akakiweka katikati ya mafiga, akapuliza mpaka kuni zikashika.

"Moto wenu ukizimika, mje kwangu," alisema. "Wangu ukizimika, nitakuja kwenu."

Na aliyekuwa akipita barabarani asubuhi hiyo, akiinua macho, aliona moshi juu ya Masoro: wa nyumba mbili, ukipanda, ukichanganyika.