Mkate wa Sherali Ukutani

Jumamosi asubuhi Tursunboy alikoroga rangi ya samawati kwenye ndoo, akatandaza magazeti sakafuni, akaanza kupaka sebule ya wageni. Kesho yake wangekuja wazazi wa kijana aliyemtaka binti yake Nigora, na hapo mjini Kokand watu huukagua ukuta kabla hawajamkagua bibi harusi. Alipofika kwenye msumari wa katikati aliutungua mkate. Ulikuwa wa moto.

Mkate huo ulitundikwa miaka minne iliyopita, siku mwanawe Sherali alipokwenda ugenini kufanya kazi ya ujenzi. Aliung'ata mara moja mlangoni, kama afanyavyo kila msafiri, na uliobaki ukawa unamngoja aje aumalize mwenyewe. Ukiisha kabla hajarudi, hakuna tena cha kumvuta nyumbani. Sasa ulikuwa na alama tatu za meno, mbili bado mbichi kwa mate.

"Mama Nigora!" Zamani alimwita mkewe mama Sherali, kwa jina la kifungua mimba wao, lakini miaka miwili sasa jina hilo lilikuwa halimtoki.

Oysara alikuja na unga mikononi.

"Panya hao," Tursunboy alisema.

"Panya gani mwenye pengo la mbele? Hebu tazama. Ni yeye. Ana njaa, baba Sherali."

Tursunboy aliendelea kupaka. Juu ya kichwa chake ilikuwapo dari ya mbao za kuchonga, nzuri kweli, na ndiyo iliyompeleka Sherali ugenini kutafuta fedha za kuimalizia. Mara ya mwisho alipopiga simu, miaka miwili iliyopita, Sherali alisema msimamizi ameifungia pasipoti yake kwenye droo na lango linafungwa kwa nje. Baba yake akamjibu, "Vumilia kidogo, mwanangu. Dari imebaki robo tu." Simu haikulia tena. Tursunboy aliandika barua kwa ofisi tatu, na zote zilimwambia asubiri.

Kufikia adhuhuri mkate ulikuwa umebaki nusu. Oysara alioka mwingine wenye ufuta, akautundika kando. Haukuguswa. Akaufunga ule wa zamani kwa kitambaa, akauficha kabatini, kisha akakaa chini akalia, maana alikuwa amemnyima mwanawe chakula. Akautoa. Jioni ulikuwa umebaki kiasi cha kiganja.

"Nikiuacha nampoteza, nikiuficha nambakisha na njaa," alimwambia mumewe. "Wewe uliyemtuma, haya, niambie."

 Jumapili Tursunboy alipika pilau uani kama kila Jumapili, kwa mafuta ya mkia wa kondoo na karoti tele. Ilipoiva hakumpakulia mtu. Alipigilia rafu ndogo chini ya msumari, akaweka sahani, akaweka kile kipande cha mkate na juu yake konzi ya pilau. Wakasimama wote watatu, yeye, mkewe na Nigora, wakitazama. Wali ulipungua punje kwa punje, halafu nyama. Mkate ukabaki vilevile.

"Kauacha," Oysara alisema. "Bado anataka kurudi."

Wageni walipofika, mama wa kijana, mwanamke mpana asiyeficha neno, alisifu dari, kisha akaiona sahani.

"Loo! Huyo mbona mmempa nyama kiduchu hivyo?" alisema. "Wangu yuko ugenini mwaka wa tatu, na ukutani kwangu hali pilau isiyo na njegere. Muongezeeni, jamani."

Akaongezewa. Posa ikakubaliwa kabla ya chai.

Rangi imeshakauka na ukuta wote ni samawati, isipokuwa mviringo ulioachwa na mkate kwenye msumari, ambao Tursunboy hataki upakwe. Pasipoti bado iko kwenye droo, na lango bado linafungwa kwa nje. Kila Jumapili, pilau ikishaiva, sauti ya Tursunboy husikika kutoka uani:

"Mama Sherali! Lete kwanza sahani ya mtoto."