Magneto ya Kushoto

Munira alikuwa amekwishaamua. Alisimama katika karakana ya Sekela huko Tegeta, mbele ya injini iliyotolewa kwenye ndege yake ndogo, akasema magneto zote mbili, zile za kutoa cheche ya kuwashia mafuta, zing'olewe.

"Nifungie mfumo wa kielektroniki wa kuwashia, fundi. Magneto iliwahi kunifia juu ya bahari nikitoka Mafia. Ile ya pili ndiyo iliyonifikisha, injini ikikohoa njia nzima. Sitaki tena."

Sekela hakumlaumu. Hata yeye aliupenda mfumo mpya: injini huwaka upesi na mafuta hayaliwi ovyo. Lakini magneto huzungushwa na injini na kujitengenezea cheche yenyewe, bila kuomba kitu kwa betri. Alipojaribu kulieleza hilo, Munira alimkatiza kwa upole.

"Betri yangu mpya, dada."

Sekela alifunga mfumo wa kielektroniki pande zote mbili, akaikaza injini kwenye fremu ya chuma uani, akaiwasha. Ikawaka papo hapo, ikanguruma bila kutetemeka. Munira akatabasamu.

"Sasa uko juu ya maji," Sekela alipaza sauti, "na waya wa betri umechomoka."

Akazima swichi kuu.

Pangaboi la injini likazunguka mara mbili tatu, likasimama. Kuku wa jirani wakaanza kusikika. Munira alisogea karibu na pangaboi.

"Siku ile nilibaki na moja," alisema. "Hapa nisingebaki na kitu."

"Tuchanganye. Kulia kielektroniki, kushoto magneto mpya. Nayo nitaifungua kuikagua kila baada ya saa mia tano za kuruka."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Nilianza kukwambia."

Munira akacheka kidogo. "Nilikuwa nasikiliza hofu yangu."

Wiki tatu baadaye, ndege ilipokwishajaribiwa karibu na uwanja, Munira alimwambia waende wote Mafia. Sekela alikuwa ametengeneza ndege miaka kumi na moja, lakini hakuwahi kuvuka maji ndani ya hata moja. Akanawa mikono, akapanda.

Walipoiacha pwani, aliisikiliza injini kwa makini, shingo imemkakamaa. Baadaye Munira alimwonyesha matumbawe chini, na Sekela akainama dirishani kuyatazama.