Mkate Mzima wa Stumai

Usiku wa jana niliota nimealikwa mkate Arusha. Lakini nianze na jirani yangu Mama Hoza, maana yeye ndiye aliyenilaza vibaya.

Tulikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, hapa Korogwe. Akasema, "Jamani, mnajua chakula kikipigwa picha kinaliwa? Watu wanakila kwa macho huko waliko. Mwenye sahani anabaki kutafuna makapi. Kuna binti mmoja wa Muheza alipiga picha kila sahani, akakonda mpaka saa yake ya mkononi ikawa inapanda hadi kwenye kiwiko."

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Mwanangu Stumai anafanya kazi duka la dawa Arusha. Kila Jumamosi anakwenda kwenye yale maduka ya mikate ya kuokwa kwa mkono, leo hili, wiki ijayo lile, anapiga picha, ananitumia. Chini anaandika neno moja: Karibuni. Nikimuuliza, "Umekula mwanangu?" anatuma picha nyingine. Mikate ya kila namna nimeiona. Uso wake sijauona tangu Iddi.

Basi nikalala na maneno ya Mama Hoza.

Nimeshika simu. Kwenye simu kuna mkate wa mviringo, mweusi mgongoni, na chini pameandikwa Karibuni. Nafikiri: mtu akikukaribisha, unakwenda. Nanyanyua mguu, navuka ukingo wa simu kama navuka kizingiti, naingia.

Ni duka. Meza nyingi, kila meza ina kiti kimoja. Mikate imepanga foleni mbele ya dirisha, inasubiri kupigwa picha.

"Mama, sogea," mkate mmoja mrefu uliniambia. "Unanitia kivuli."

"Samahani, baba."

Nyuma yake kulikuwa na skonzi anajipaka ufuta. "Huyo ana kiburi," akaninong'oneza. "Amepigwa picha tangu asubuhi, wala hajaliwa hata kona. Sasa anajiona sanamu."

Kwenye kaunta kulikuwa na chupa kubwa ya kioo. Ndani yake kuna chachu, ile wanayoumulia mikate, inatoa mapovu polepole. Nikaona inafanana na mtu mzima, nikaiamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ndiye meneja."

"Una umri gani?"

"Miaka kumi na moja."

Nikajuta, lakini shikamoo ikishatoka hairudishwi. Mtumishi akaja na kijiko, akailisha unga na maji, akaifuta mdomo, akaondoka.

"Humu anayekula ni mimi tu," chachu ikasema. "Mara mbili kwa siku. Wengine wote wanakuja na simu. Na wewe umekuja kupiga picha?"

"Nimekuja kula. Niliandikiwa karibuni."

Mikate yote ikanigeukia. Hata tanuri likaacha kuguruma.

"Aliyeandika nani?"

"Mwanangu, Stumai."

Chachu ikafungua daftari kwa povu. "Stumai, Stumai... Huyu hapa. Karibuni hamsini na mbili. Walioitika: asante, mia mbili. Mwaaa, sitini. Mikono ya kupiga makofi, sikuhesabu."

"Na waliokuja?"

Ikapekua mbele, ikapekua nyuma.

"Wewe."

"Basi nionyeshe alipo."

"Mwisho wa meza."

Nikatazama. Zile meza zilikuwa zimeungana zikawa meza moja, na mwisho wake sikuuona. Nikavua ndala kwa heshima, nikapanda, nikaanza kutembea juu yake. Nimetembea. Nimepita kibao cha Mombo. Nimepita Same, upepo unanipeperusha kanga, na bado niko mezani. Kushoto na kulia wamekaa watu, kila mmoja na mkate wake na simu yake, wanaiambia simu karibuni. Nikawaambia, "Hamjambo?" Mmoja aliniomba nipite haraka kwa sababu nimeingia kwenye picha yake.

Mwisho wa meza alikuwepo mwanangu. Amesimama juu ya kiti, anaupiga picha mkate kutokea juu.

"Stumai."

"Mama, subiri kidogo, usitikise."

"Geuka nikuone."

"Usiniambie nigeuke, mama."

"Mimi ndiye niliyekuzaa. Geuka."

Akageuka. Ubavuni hakuwepo. Alikuwa mwembamba kama picha yenyewe. Ukimtazama kwa mbele ni Stumai wangu na kovu lake la nyusi, ukimtazama kwa upande unaona ukuta.

Nilitaka kulia lakini nikauliza kile ninachokijua kuuliza.

"Umekula?"

"Nimepiga picha."

"Sikukuuliza hivyo."

Akashuka kwenye kiti, akakaa. "Mama, mkate mzima nitaula na nani? Nikiukata, kipande kimoja nakishika mimi, kingine kinabaki kinanitazama. Nikiupiga picha angalau wanatokea watu."

"Wanatokea wapi?"

Mkate ndio uliojibu.

"Samahani niwaingilie," ukasema. "Mimi nimepigwa picha arobaini na moja leo. Mashavu yananiuma kwa kutabasamu. Naomba nikatwe."

"Mkate mwenyewe anaomba," nikamwambia Stumai. "Kata."

"Haiwezekani, mama. Hapa sheria ni kwamba mkate hauliwi mpaka mtu akaribishwe kwa mdomo, na aliyekaribishwa aitike kwa mdomo."

"Sasa si unikaribishe?"

Akafungua mdomo. Sauti haikutoka mara ya kwanza, kama mlango uliokaa siku nyingi umefungwa. Mara ya pili ikatoka, ndogo, ile sauti aliyokuwa nayo darasa la pili.

"Karibu, mama."

"Ahsante, nimekaribia."

Hapakuwa na kisu wala kiti cha pili. Nikainama nikauma palepale. Gamba lilikuwa gumu, na mnajua mimi jino langu moja la mbele halipo, lakini niliuma. Ndani ukawa laini na wenye uchachu.

"Umeharibika huu," nikamwambia.

"Ndivyo ulivyo, mama. Ndiyo ladha yake." Akacheka. Alipocheka nikauona ubavu wake unatuna kidogo, kama donge lililotiwa hamira.

"Haya, zamu yako," nikasema. "Uma."

Akausogeza mkate mdomoni. Akafungua meno.

Nikaamka. Jogoo wa Mama Hoza alikuwa anawika. Sikuona kama ameuma.

Nikakaa kitandani, upande wa pili wa godoro umetandikwa kama kawaida. Mdomoni nilikuwa na uchachu, nikasema ni usingizi. Mara simu ikalia mlio wa ujumbe.

Ilikuwa picha. Mkate uleule wa mviringo, mweusi mgongoni, lakini uko kwenye meza ya chumbani kwake. Ukingoni umeumwa. Chini ameandika: "Mama, ndani kwangu kuna panya. Ona mkate wangu wa Jumamosi."

Leo ni Jumanne. Kumbe mkate wa Jumamosi ulikuwa bado mzima hadi usiku huu, hajaugusa.

Nikaikuza picha kwa vidole viwili, kama alivyonifundisha. Alama za meno zilikuwa kubwa. Na katikati yake kulikuwa na kijiukuta cha mkate kimebaki kimesimama, upana wa jino moja. Nikagusa pengo langu kwa ulimi. Panya hana pengo.

Nikamjibu: "Usiutupe. Kula upande uliobaki. Jumamosi niwekee kiti."

Wazazi wenzangu, na nyie vijana, naandika ya kuepuka:

Usikubali picha ya mkate mzima kuwa jibu la "umekula?" Mkate ulioliwa hauwi mzima.

Usicheke maneno ya kwenye mashine ya kusaga kabla hujampigia mwanao.

Usipige picha chakula zaidi ya mara moja. Nacho kinachoka.

Usikae kwenye meza ya kiti kimoja. Omba cha pili hata kama hakuna wa kukikalia.

Usiamkie chachu.

Na usiandike karibuni kama hutaki mtu aje. Mimi nikikaribishwa nakwenda.